Kompyuta Iliyofagiliwa

Inspekta alifika bohari ya dawa saa tatu kasorobo asubuhi akitaka vitu viwili tu: kompyuta inayotunza kumbukumbu za mlango wa chumba baridi, na mtu wa kumweleza kompyuta hiyo kwa lugha ya binadamu. Alikuta kompyuta imeshafagiliwa.

"Karibu, afande, karibu sana," meneja wa bohari alimpokea mlangoni huku akisugua viganja. "Tumekuandalia. Mashine iko safi, inang'aa."

"Inang'aa vipi?"

"Fundi wetu ameingia tangu alfajiri. Ilikuwa imejaa makorokoro ya miaka na miaka. Nikasema hapana, polisi hawawezi kuja kukagua uchafu."

Inspekta alifumba macho, akahesabu mpaka tano, akafumbua. Kituoni walimwita Pilipili, na walimwita hivyo akishatoka chumbani. Katika miaka ishirini na miwili ya upelelezi alishakutana na mjane aliyedeki alama za viatu vya muuaji kwa sababu wageni wa msiba walikuwa njiani, na dereva aliyeosha gari lililogonga mtu ili lisitie aibu kituoni. Kompyuta iliyopigwa deki ilikuwa mpya kwake.

"Wazo hilo la usafi lilikuwa la nani?"

"Langu, afande. Ni ustaarabu tu."

"Ustaarabu," alirudia Inspekta. "Nipeleke kwa huyo fundi kabla sijakasirika."

Alikuwa ameshakasirika zamani, na meneja alitangulia mbele mbio mbio kama mtu anayefukuzwa na mvua.

Kesi yenyewe ilionekana imekwisha, na hilo ndilo lililomkera. Masanduku kumi na mawili ya chanjo yalihesabiwa Jumamosi mchana yakiwa kamili. Jumatatu mchana hayakuwepo. Mlango wa chumba baridi unafunguliwa kwa kadi, kadi inasomwa na kompyuta, na kompyuta inaandika nani kaingia na saa ngapi. Siku ya Jumapili iliandika kadi moja tu, namba kumi na saba: imeingia saa nne na dakika ishirini asubuhi, imetoka dakika kumi na mbili baadaye. Kadi hiyo ni ya mtunza chumba, mama wa miaka hamsini na minane aliyebakiza miwili tu astaafu, ambaye bohari nzima ilimwita Shangazi. Alikuwa mahabusu tangu Jumatatu jioni. Leo Alhamisi, saa tisa alasiri, angepandishwa kizimbani.

Tatizo la Shangazi ni kwamba hakujua kujitetea hata kidogo. Aliulizwa kama kadi aliipoteza, akasema hapana, ilikuwa kwenye pochi yake. Aliulizwa kama alimwazima mtu, akasema hajawahi. Aliulizwa Jumapili asubuhi alikuwa wapi, akasema nyumbani, anafua.

"Nani alikuona?"

"Nguo," alijibu Shangazi, bila utani wowote.

Inspekta alirudi nyumbani na jibu hilo kama mtu aliyekanyaga mwiba. Wezi aliowafahamu huwa na majibu yaliyopigwa pasi. Hakuna mwizi anayejitetea kwa nguo.

Chumba cha kompyuta kilikuwa stoo ya karatasi hapo zamani, na rafu zake tupu bado zilikuwa ukutani. Mashine ilikaa chini ya meza, juu ya matofali mawili, ikivuma. Fundi alisimama walipoingia. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, upara umemwanza mapema, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu kabisa. Inspekta alikwisha kuambiwa habari zake: huyu alikuwa mtoto wa kaka yake Shangazi. Yeye ndiye aliyeingia bohari na jina hilo mdomoni na wengine wakaliokota. Na Shangazi ndiye aliyempigia debe kwa meneja wa wakati huo mpaka akapata kazi.

"Meneja, tuache," alisema Inspekta.

"Labda nibaki, afande, nisaidie kufafanua."

"Tuache."

Meneja alitoka kwa shingo upande. Inspekta alivuta stuli, akaketi, akafungua daftari.

"Umefuta nini leo?"

"Faili za kuwashia, afande. Zile zilizobaki tu, za zamani."

"Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua kitu na hana subira."

Fundi aliielekezea mashine kidole. "Hii mashine inatumia mfumo unaoitwa Linux. Ukiiwasha, kinachoamka kwanza ni kiini, halafu kiini kinaamsha vingine vyote. Kila baada ya wiki kadhaa mashine inajisasisha yenyewe, inaleta kiini kipya. Cha zamani hakiondoki. Kinabaki palepale, kwenye kijisehemu cha diski kilichotengwa kwa ajili ya kuwashia. Na hicho kijisehemu ni kidogo. Usipofuta vya zamani, kinajaa."

"Nani anatakiwa kufuta?"

"Mimi."

"Ulikuwa hufuti?"

"Nilikuwa naona huenda siku moja kitahitajika, afande. Kipya kikisumbua, unarudi kwenye cha zamani. Kwa hiyo nikawa naviacha."

Inspekta alimfahamu mtu wa namna hiyo. Mume wake aliweka ndoo iliyotoboka nyuma ya nyumba kwa miaka sita kwa sababu hiyo hiyo.

"Na leo ghafla umevifuta vyote."

"Meneja aliagiza. Kibaki kipya tu, vya zamani viondoke."

"Kingine ulichofuta?"

Fundi alitazama tofali. "Kumbukumbu za mfumo. Za kuwaka na kuzima. Zilikuwa zimekula nafasi."

"Za mlango?"

"Za mlango sijagusa. Haki ya Mungu sijagusa leo."

Inspekta aliandika sentensi hiyo ilivyo, pamoja na neno "leo", akalipigia mstari. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa rahisi: mtoto wa kaka anaona shangazi yake anapelekwa mahakamani, anaingia alfajiri, anafuta alichoweza kukifuta. Alimwonea huruma kidogo, na huruma ikamwongezea hasira, maana huruma humchelewesha mtu kazini.

"Sikiliza, baba," alisema. "Kama umefuta ili kumwokoa shangazi yako, umemwongezea mzigo. Mahakama itauliza kwa nini ndugu yake alifuta, na itajijibu yenyewe."

"Si hivyo, afande."

"Basi ni vipi?"

Mlango ukafunguka. Meneja aliingiza kichwa, kisha mkono wenye karatasi mbili zilizobanwa vizuri. "Samahani, nilisahau. Ripoti. Nilimwambia fundi aandae ripoti, ili ionekane kazi imefanyika."

Inspekta aliipokea ili mtu yule aondoke. Juu iliandikwa kwa herufi kubwa: RIPOTI YA USAFI WA KOMPYUTA, KABLA NA BAADA. Chini yake kulikuwa na jedwali. Alikuwa karibu kuitupa kwenye rafu alipoona kwamba jedwali lina tarehe.

Alivaa miwani.

Upande wa "Kabla" kulikuwa na viini saba. Kila kiini kilikuwa na faili lake la msaada, lile ambalo, alivyoeleza fundi kwa sauti inayozidi kupungua, kiini hulishika mkononi wakati wa kuamka. Kila faili lilikuwa na siku lilipoingia na ukubwa wake. Inspekta alipitisha kidole kwenye safu ya mwisho: sitini na moja, sitini na moja, sitini na mbili, sitini na mbili, sitini na tatu, sitini na tatu. La saba lilikuwa tisa.

"Hili mbona limekonda?"

"Ndiyo jipya, afande."

"Sijauliza umri. Mengine yote yana sitini na kitu. Hili lina tisa. Lilikuwa na njaa?"

Pangaboi lilizunguka juu yao likilia kila lilipofika upande mmoja.

"Kijisehemu kilijaa," alisema Inspekta taratibu, maana ndiyo kwanza anafika huko mwenyewe. "Kiini kipya kikaingia Jumamosi saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, imeandikwa hapa, ripoti yako mwenyewe. Faili la msaada likaanza kuandikwa, nafasi ikaisha njiani, likakatika. Sawa?"

"Inawezekana."

"Usiniambie inawezekana, ni wewe fundi! Sawa au si sawa?"

"Sawa."

"Mashine ikijisasisha inajizima na kujiwasha?"

"Ndiyo. Jumamosi saa mbili usiku. Nilipanga hivyo ili isisumbue watu wa kazi."

"Na ikijiwasha inachagua kiini kipi?"

"Kipya."

"Chenye faili lililokatika. Kinaamka?"

Fundi alipangusa upara kwa kiganja. "Sijui, afande. Wakati mwingine..."

"Mashine hii imewaka tangu lini?"

"Haijawahi kuzima. Tangu ifungwe, labda kwa sasisho tu, dakika mbili tatu."

"Iulize yenyewe. Kuna namna ya kuiuliza, usijitie hamnazo. Andika."

Fundi aliandika neno moja. Mstari mmoja ulijitokeza kwenye kioo. Inspekta aliusogelea mpaka miwani ikakaribia kugusa: siku tatu, saa tatu na dakika nane. Alitazama saa yake ya mkononi, saa tatu na dakika ishirini, akahesabu kwa vidole kurudi nyuma bila kuona haya.

"Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili asubuhi," alisema. "Bohari inafunguliwa saa mbili. Nani aliiwasha?"

"Mimi. Niliizima nikaiwasha tena, matengenezo ya kawaida."

"Vizuri. Sasa iulize inatumia kiini kipi."

Hapo mikono ya fundi ilibaki hewani juu ya kibodi. Inspekta aliwahi kuona watu wakitoa macho wakionyeshwa kisu, shuka, picha. Hakuwahi kuona mtu akiogopa kuandika maneno mawili.

"Andika, baba."

Aliandika. Inspekta alilinganisha jibu na jedwali, herufi kwa herufi, kidole kimoja kwenye kioo na kingine kwenye karatasi. Kiini kilichokuwa kinaendesha mashine kilikuwa cha tano kwenye orodha, cha miezi mitatu iliyopita. Asubuhi ya leo kilikuwa kimefutwa kwenye diski. Kilikuwa kinaishi kwenye kumbukumbu ya muda ya mashine tu, mpaka siku itakapozimwa.

"Mashine ikijiwasha yenyewe inachukua kipya," alisema Inspekta. "Umesema wewe. Ili ichukue cha tano lazima mtu akae hapa, orodha ya kuwashia itokee, ashuke kwa kidole mpaka cha tano. Matengenezo ya kawaida hayafanywi hivyo."

Fundi alishusha mikono mapajani.

"Haya, tufanye jaribio. Izime, uiwashe."

"Afande, hapana."

"Kwa nini? Si iko safi?"

"Haitawaka." Sauti ilimtoka nyembamba. "Viini vizima vyote vimeondoka. Meneja alisimama hapo nyuma yangu, anasema bakisha kipya, bakisha kipya, ningemwambia nini? Nilitaka nikitengeneze akiondoka, ndipo ukafika."

"Ungemwambia kipya ni kibovu."

"Angeuliza nimejuaje."

Inspekta aliegemea ukuta. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu kichwa kiliacha kumgonga. Mashine ilizimika Jumamosi saa mbili usiku na kubaki gofu mpaka Jumatatu alfajiri. Jumapili saa nne asubuhi haikuwa na uwezo wa kusoma kadi, wala kuandika, wala kitu chochote. Na ilikuwa na mistari miwili ya Jumapili.

Alitoa kwenye mkoba nakala ya kumbukumbu za mlango, ile ile aliyoibeba kwa siku tatu mpaka ikaanza kuchanika kwenye mikunjo. Kadi kumi na saba, ingia, saa nne, dakika ishirini, sekunde arobaini na moja. Kadi kumi na saba, toka, saa nne, dakika thelathini na mbili, sekunde tano. Alifunua ukurasa wa nyuma, Jumapili ya wiki iliyotangulia. Hakuwahi kuusoma ukurasa ule, kwa sababu hakuna aliyeibiwa siku hiyo. Kadi ile ile, saa zile zile. Sekunde arobaini na moja. Sekunde tano.

Alijilaani kimoyomoyo kwa maneno ambayo hangeyaandika kwenye daftari. Siku tatu! Mama wa watu amelala sakafuni siku tatu, na jibu lilikuwa ukurasa wa nyuma.

"Ulinakili," alisema.

Fundi alikaa chini. Hakukuwa na kiti upande ule, akakaa sakafuni karibu na tofali.

"Nilifika Jumatatu nikaona taa nyekundu juu ya mlango," alisema. "Nikajua imekufa. Meneja alishanipa barua mbili za onyo kwa ajili ya mashine hii, ya tatu ni kufukuzwa. Nikaiamsha kwa kiini cha zamani. Lakini kumbukumbu zilikuwa na shimo, Jumapili nzima haina kitu, na meneja akiona siku tupu huuliza kama mashine ilizima. Nikachukua mistari ya Jumapili ya wiki iliyotangulia, nikabadilisha tarehe. Nilidhani Jumapili zote zinafanana. Sikujua kama kumeibiwa, afande. Masanduku yaligunduliwa mchana."

"Na mchana ulijua."

"Ndiyo."

"Ukaona wanamchukua."

"Niliona."

"Jumatatu jioni ulikuwa na mdomo. Kwa nini hukusema?"

"Nilijua haibi. Kila mtu anajua haibi. Nilidhani mtamuuliza maswali mawili, mtamwachia."

"Jumanne?"

"Jumanne nikaona nimeshachelewa, nitaonekana mwizi mimi."

"Jumatano?"

Fundi alitikisa kichwa tu. Inspekta alisimama, akaenda mpaka dirishani, akarudi. Alikuwa na hasira ambazo hakujua aziweke wapi. Mwizi angemtia pingu na kumalizana naye. Huyu hakuwa mwizi, wala hakuwa mtu mbaya, na kwa uzembe wake alikuwa amemfanyia shangazi yake jambo ambalo adui yake hangeliweza.

"Mashine ikizima, mlango unafungukaje?" aliuliza, maana kazi ilikuwa bado.

"Kwa ufunguo wa kawaida."

"Uko wapi?"

"Ni mmoja tu. Kwenye droo ya meneja."

"Na hiyo taa nyekundu anaiona nani?"

"Yeyote anayepita kwenye korido."

Inspekta alifungua mlango kwa ghafla. Meneja alikuwa kwenye korido, karibu mno, akijifanya anasoma tangazo la vizima moto.

"Meneja, Jumapili ulipita hapa?"

"Mimi? Jumapili? Hapana. Labda... nilipita kuchukua miwani."

"Kaa ofisini kwako. Droo zako usiziguse, na tafadhali sana, usisafishe kitu."

Alimwita askari aliyekuwa getini, akamsimamisha mlangoni pa ofisi ya meneja. Kisha alipiga simu kituoni.

"Faili la mtunza chumba baridi lisiende mahakamani," alisema. "Ndiyo, najua limeshafungwa. Lifungueni. Nakuja na maelezo yaliyotiwa sahihi. Mtoeni pale sakafuni, mpeni kiti na chai, na mtu amwombe radhi. Nani? Wewe unayeongea, mwombe wewe."

Aliporudi chumbani, fundi alikuwa bado chini. Alimnyanyua kwa kiwiko, akamketisha kwenye stuli, akaanza kuandika maelezo yake kwa mwandiko mkubwa: barua mbili za onyo, taa nyekundu, kiini cha tano, mistari miwili. Alimsomea kila aya, na fundi aliitikia kila aya kwa "ndiyo" iliyokauka.

"Swali la mwisho, la kukamilisha," alisema Inspekta bila kuinua kichwa. "Jumapili ile ya kabla, ya kweli. Chumba baridi hakina zamu Jumapili. Shangazi yako alikuja kufanya nini?"

Fundi alisogeza stuli nyuma, na Inspekta akainua kichwa.

"Nilimtuma mimi," alisema. "Mashine ilikuwa imeanza kulalamika nafasi. Nilitakiwa nije niangalie kama inawaka, ila nilikuwa na usingizi. Nikampigia, nikamwambia shangazi, nisaidie. Akaja kwa miguu siku yake ya mapumziko. Akapitisha kadi, akaona taa ni ya kijani, akakagua na chumba. Halafu akanipigia. Akaniambia, inawaka baba, wewe lala."

Inspekta aliandika hayo pia, neno kwa neno, mpaka "wewe lala". Aligeuza karatasi, akaisogeza mbele ya fundi na kuweka kalamu juu yake.

"Hapo napo tia sahihi," alisema.